Bado Ninaomba

Ijumaa, tarehe 21 Februari 2014. Ukungu ulishuka Muaither, pembeni mwa jiji la Doha, tangu alfajiri, na kufikia saa mbili asubuhi nguo ambazo Scovia alikuwa ameanika juu ya paa zilikuwa zimelowa upya. Barabara haikuonekana. Magari yalisikika tu yakipita polepole, yakipiga honi bila hasira.

Winfred alitoka mapema Al Wukair, kwenye nyumba ya wafanyakazi wa hoteli, ili amsaidie dada yake kupanga chumba. Dada yake, Nyanchama, alikuwa msaidizi wa mwalimu katika shule ya chekechea, na alikaa chumba kimoja na Scovia, Mganda aliyefanya kazi ya ulinzi. Kila Ijumaa wanawake hao wawili walisimamisha vitanda ukutani na kutandika mkeka, na Wakenya na Waganda kumi na kitu walikuja kuomba pamoja. Waliimba kwa sauti ya chini na kupiga makofi kwa vidole viwili, majirani wasisumbuke.

Aliyetangulia kufika siku hiyo alikuwa Levis, mchumba wa Winfred. Levis alizaliwa Webuye. Alipata karatasi za Marekani kwa bahati nasibu, akaingia jeshi la huko, akapewa uraia, na sasa alikuwa akimaliza mwaka wake katika kambi ya Wamarekani nje ya jiji. Watu wa ushirika huo wa maombi walimwita Afande.

"Afande," Scovia alimwambia alipomfungulia mlango, "leo una uso wa mtu aliyefika arusini akakuta kuku ameisha."

Siku nyingine Levis angemjibu kwa mzaha mbaya zaidi kuhusu Waganda na matoke. Leo alivua viatu akabaki amesimama.

"Amri ya uhamisho imetoka," alimwambia Winfred. "Naenda Ujerumani mwezi ujao. Nimeandikwa mseja."

Winfred alikuwa ameshika vikombe. Akaviweka chini kimoja kimoja.

"Hawawezi kuongeza jina langu?"

"Jina la nani, Win? Mchumba hana jina jeshini. Mke ndiye anaandikwa."

Hakuna aliyehitaji kuelezwa zaidi, kwa sababu jambo hilo lilikuwa limezungumzwa katika chumba hicho tangu Oktoba. Wakati huo Levis alikwenda kumwona mwanasheria wa kambi, akarudi akiwa na furaha kama mtoto. Alieleza njia zote. Akifunga ndoa kabla amri haijatoka, aombe mke wake aandikwe kwenye amri hiyo, naye angesafiri pamoja naye mpaka Ujerumani na kuishi naye katika nyumba ya jeshi. Ombi lake la ukaaji wa Marekani lingeshughulikiwa wakiwa pamoja hukohuko. Halafu, akishapata ukaaji huo, muda wa kuishi ng'ambo na mume mwanajeshi ungehesabiwa kama muda wa kuishi Marekani kwenyewe, mpaka uraia. Njia ya pili ilikuwa kuoana baadaye, mume amwombee mke kutoka mbali, na mke asubiri Nairobi mpaka aitwe. Ilikuwepo na viza ya wachumba, lakini hiyo ni ya kuingia Marekani kuoana, na Levis hakuwa anakwenda Marekani.

"Kwa hiyo ni ile ya kwanza," Winfred alikuwa amesema siku hiyo ya Oktoba, na watu wote wakacheka kwa jinsi alivyosema haraka.

Lakini nyumbani kwao, Kisii, baba yao alikuwa na sharti moja. Katika ukoo wake, mdogo hamtangulii mkubwa kuolewa. Nyanchama alikuwa amepita miaka thelathini na mitano na hakuwa na mume. Baba hakukataa. Alisema kwenye simu kwamba mkubwa anaweza kumpisha mdogo, mradi aseme kwa kinywa chake mwenyewe, na wazee wasikie. "Dada yako akisema pita, utapita," alimwambia Winfred. "Asiposema, mimi siwezi kumruka mwanangu."

Winfred alikwenda kwa dada yake na habari hiyo akidhani ni jambo la dakika mbili. Nyanchama alimshika mikono, akafumba macho, akasema, "Wacha niombe kwanza."

Nani angelaumu jibu hilo? Nyanchama ndiye aliyewafundisha wote kuomba. Alifunga kila Jumatano. Scovia alipougua figo, Nyanchama alikesha naye akiomba mpaka akapona. Kwa hiyo Novemba ilipoisha Winfred akauliza, na Nyanchama akasema, "Bado ninaomba," Winfred alimwachia aendelee. Mchungaji Laban, fundi wa viyoyozi ambaye ndiye aliyeongoza ushirika, aliwaonya watu wasimsukume. "Mtu akiwa mbele za Mungu," alisema, "usimvute shati."

Januari Levis alichukua likizo yake yote akaenda Nairobi kuandaa arusi, wakitumaini neno la Nyanchama litapatikana. Winfred alikuwa ameshapata kwa mudiri wake, meneja wa hoteli, kibali cha kutoka nchini, na alikuwa amemwambia kwamba hatatia saini mkataba mpya, kwa maana angekuwa mke wa mtu. Mkoba ulikuwa tayari mlangoni. Usiku wa kuamkia safari Nyanchama alimpigia simu. "Mungu amesema subiri," alisema.

Winfred alisubiri. Levis alikaa kwa shangazi yake Kayole likizo nzima, akinyoosha shati lake la arusi na kulirudisha kwenye hanga, na shangazi akiulizwa na majirani bibi arusi yuko wapi, alikuwa akisema Waarabu wamemnyima ruhusa. Alirudi Doha peke yake. Hakumlaumu mtu.

Sasa Nyanchama aliingia kutoka jikoni, akiwa amebeba sufuria ya chai kwa vitambaa viwili. Aliwatazama akajua.

"Imetoka?" aliuliza.

"Imetoka, shemeji," Levis alisema. "Bila yeye."

"Basi kama Mungu hakupenda..."

"Dada." Winfred hakupandisha sauti. "Usimalize hiyo sentensi."

Nyanchama aliweka sufuria sakafuni. Scovia alijifanya anatafuta kijiko.

"Levis anaweza kuomba waniongeze baadaye," Winfred aliendelea, "na kamanda wake anaweza kukubali, au kukataa. Likizo yake yote ameimaliza kwa kunisubiri. Mimi mkataba wangu unakwisha Machi. Kitanda changu Al Wukair kimeshapewa msichana wa Nepal, ameanza kuleta vitu vyake. Nitarudi kwa Baba nikiwa sina kazi na sina mume. Nataka kujua kitu kimoja tu. Ulisikia nini?"

"Win, wageni wanakuja."

"Wacha waje. Ulisikia nini ile Januari?"

Walikuwa wanakuja kweli. Laban aliingia na mkewe, wote wawili wakiwa na unyevu wa ukungu kwenye nywele, kisha vijana watatu wa ulinzi, kisha madereva wawili. Kila mmoja alianza salamu akaikatisha katikati. Laban alimtazama Levis, naye Levis akatikisa kichwa mara moja tu.

"Tuombe," Laban alisema, kwa mazoea.

"Mchungaji, samahani," Winfred alisema. "Leo sitaki tuombe kwanza. Nimeuliza swali, na nilizoea kujibiwa kwa maombi."

Nyanchama alikaa kwenye ukingo wa mkeka, akavuta sketi yake juu ya magoti kama mwanafunzi.

"Sikusikia kitu," alisema.

"Kitu gani?"

"Kitu chochote. Niliomba, Win. Usiniambie sikuomba. Nilifunga mpaka mwalimu mkuu akaniuliza kama ni mgonjwa. Nikipiga magoti nilikuwa nasikia wanawake wa kwetu kisimani. 'Mdogo ameolewa na mwanajeshi wa Marekani, na huyu mkubwa analea watoto wa watu Uarabuni.' Nilisikia hayo tu. Nikangoja yanyamaze ili nisikie lingine. Hayakunyamaza." Alifuta uso kwa kiganja. "Siku ile ya safari yako niliogopa. Nikasema Mungu amesema. Ni mimi nilisema."

Scovia aliacha kutafuta kijiko.

"Ningekuwa na sababu hata mbaya," Levis alisema polepole, "ningebishana nawe, shemeji. Ungesema unanichukia, au mahari ni haba, au Waluhya ni walafi. Ningekuja na wazee. Lakini ulisema unaomba. Nani hubishana na mtu anayeomba? Nilikaa Kayole nikajiambia, huenda Mungu ananikinga na jambo."

"Mimi ndiye niliyewaambia msimsukume," Laban alisema. Alikuwa ameinamisha kichwa. "Nilipaswa kwenda kumuuliza, kama tunavyouliza mtu anayesema ameshiba na hajala. Sikwenda. Nilifurahi kuwa na mtu wa maombi kwenye ushirika wangu."

Nyanchama aliomba simu ya Levis, kwa kuwa yake haikuwa na salio, akampigia baba yao. Aliweka sauti ya nje. Ng'ombe alisikika kabla ya mzee.

"Baba, ni Nyanchama. Niko na watu. Nasema kwa kinywa changu: Winfred apite. Apite mbele yangu."

"Hilo tu?" mzee aliuliza. "Mwanangu, nilikaa na wazee Novemba yote nikingoja neno hilo. Nikadhani umepata mtu huko unataka tuandae mbili kwa pamoja. Nikafurahi." Akacheka kidogo, kicheko kilichowaumiza wote chumbani. "Sasa arusi ni lini?"

Winfred alichukua simu.

"Bado hatujui, Baba. Mume wangu anahamishwa. Nakuja nyumbani mwezi ujao, nitakueleza."

"Njoo, mama. Njoo tu."

Simu ilipokatika, Nyanchama alinyoosha mikono kumkumbatia mdogo wake. Winfred alirudi nyuma hatua moja.

"Nimekusamehe, Dada. Nitakusamehe tena kesho, maana najua kesho nitaamka na hasira. Lakini leo usinikumbatie. Leo ukinikumbatia nitaanza kukubembeleza wewe, na aliyeumia ni mimi."

Alikwenda kukaa karibu na Levis, mabega yakagusana. Walizungumza kwa sauti ndogo, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. Levis alisema mwanasheria alimwambia asikate tamaa: wafunge ndoa Nairobi siku ya kwanza atakayopata ruhusa, apeleke ombi la mke siku hiyohiyo, aombe na kwa kamanda. Inaweza kuwa mwaka. Inaweza kupita. Winfred aliuliza kama Ujerumani kuna theluji mwezi wa tatu. Levis akasema atamtumia picha. Winfred akasema hataki picha.

Laban alifungua kitabu chake cha nyimbo akakifunga tena. "Ndugu zangu," alisema, "sijui tuimbe nini."

"Tusiimbe," Scovia alisema. "Tunyweni chai kwanza, imepoa."

Wakanywa. Ukungu nje ulianza kuinuka, na mwanga mweupe ukaingia dirishani juu ya vitanda vilivyosimama. Walipomaliza, Laban alisali kwa maneno machache kuliko alivyowahi kusali. Alimwomba Mungu awasamehe wote walioweka jina lake mahali pa hofu zao, na awalinde hawa wawili wanaotenganishwa bila kosa lao. Watu wakaitikia amina, wengine wakilia.

Ndipo Nyanchama alipoinuka. Hakuwa ameambiwa aseme. Sauti yake, ambayo Ijumaa zote iliongoza maombi bila kutetemeka, ilitoka kavu.

"Nataka mnishuhudie," alisema. "Mchungaji, Scovia, nyote. Na wewe, shemeji. Siku Levis atakayopata ruhusa, nitaomba likizo kwa mwalimu mkuu, na akininyima nitaacha kazi. Nitakwenda Nairobi, nisimame kando ya Winfred niwe shahidi wake, nikiwa sijaolewa, wanawake wa kwetu wote wakiniona. Na kuanzia leo sitamwambia mtu yeyote kwamba Mungu amesema, wakati niliyesema ni mimi. Nikiwa naogopa, nitasema ninaogopa. Winfred, naahidi."