Mama Mkwe Hakutikisika

Ukimsikiliza Anyitike mpiga picha, ungedhani Mbeya nzima ina ugonjwa wa kutetemeka. Karani wa boma alitoka na pua mbili: alitikisika. Bwana harusi alitoka hana shingo: alitikisika. Mwaka ule wa hamsini na sita hata ng'ombe wa maonyesho, aliyefungwa kamba miguu yote minne, naye alitikisika. Kiumbe pekee ambaye hajatikisika tangu kuumbwa kwa ulimwengu alikuwa Anyitike mwenyewe, mzee wa kanisa, mwenye kamera ya Kijerumani aliyoachiwa na Mzungu mmoja wa dhahabu kule Chunya. Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa na kioo kabisa.

Lusia mkewe aliujua ugonjwa ulipo, maana miaka sita ndiye aliyemshikia bisibisi. Ukichungulia kwenye kidirisha cha kamera ile unamwona mtu, na pembeni yake kivuli chake. Unazungusha lenzi mpaka mtu na kivuli wanakuwa mmoja, ndipo picha inatoka kali. Lakini vivuli hivyo vilitii skrubu moja, ndogo kuliko punje ya ulezi, na skrubu hiyo haikupenda misukosuko. Kila Jumamosi Anyitike alisimama mlangoni mwa studio yake, akachungulia kilele cha Loleza, akaizungusha skrubu hadi vilele viwili vikawa kimoja. Akipanda baiskeli kwenda kupiga picha za harusi, kilele kinazaa tena.

Si kwamba hakujaribu dawa. Alipaka nta ya nyuki juu ya skrubu, jua likaiyeyusha. Alipaka ulimbo, sisimizi wakahamia. Mwishowe fundi saa mmoja wa sokoni akamwambia bila kuficha: tia tone moja la rangi ya kucha, likikauka skrubu haiendi popote. Anyitike akacheka kile kicheko cha wazee wa kanisa, kisichofika machoni.

"Rangi ya kucha," alimwambia mkewe alipofika nyumbani. "Kamera yangu inaingia kanisani, Mama Eliezeri. Nitaipakaje mapambo ya malaya?"

Basi kamera ikabaki na utakatifu wake, na watu wa Mbeya wakaendelea kutikisika miaka mitatu mingine.

Hayo yote Lusia aliyachukulia kama mvua ya Mbeya, unalalamika huku unafanya kazi zako. Lakini ikaja barua ya kaka yake. Liberatus alikuwa migodini Johanesbagi mwaka wa tisa, na alikuwa ameomba picha ya mama yao. Anyitike aliipiga Krismasi, nyumbani kwa mama huyo, Kihesa, pale Iringa, nao wakaituma. Sasa majibu yalikuwa haya: "Dada, picha nimeipokea, mpe shemeji shukrani zangu. Nimeitazama siku tatu. Huyu ni mama au ni moshi wa jikoni? Sikutanii. Sura yake inanitoka. Nikifumba macho naona kilemba chake tu, chini yake hakuna mtu. Nitumieni uso wake kabla sijausahau kabisa."

Lusia alilia juu ya barua ile, kisha akampa mumewe aisome.

"Mama alitikisika," alisema Anyitike. "Na mbona mwenyewe nilipompelekea nakala alisema ametoka vizuri? Mwenye uso ameukubali uso wake, wewe na kaka yako mnakataa kama nani?"

Lusia alikuwa mke mwenye adabu, aliyefundwa akafundika. Siku hiyo adabu ilimfika hapa, kooni. "Baba Eliezeri," alisema, "Pasaka tunakwenda Kihesa. Utampiga mama picha, na akitoka moshi tena, mimi nitabaki hukohuko na huo moshi."

Wakapanda basi la Relwe, yale mabasi ya shirika la reli. Barabara ya kutoka Mbeya kwenda Iringa enzi hizo ilikuwa na mikunjo kama bati la paa, na dereva aliamini kwamba ukiikimbilia haitakuumiza. Pale Chimala abiria mmoja alitema jino. Kamera Lusia aliifunga ndani ya kanga mbili, akaipakata njia nzima kama mtoto wa surua. Anyitike alimwambia aache kujisumbua, kwani ameilinganisha Jumamosi.

Walipofika Kihesa, kabla hata ya kunawa uso, Lusia alisimama uani akachungulia jiwe la Gangilonga, lile kubwa linalouangalia mji wa Iringa kutoka mlimani. Aliyaona mawe mawili. Akampa mumewe kamera.

Anyitike alichungulia muda mrefu. Ilikuwa vigumu kusema Gangilonga nalo limetikisika.

"Barabara," alisema mwishowe.

"Na kesho baiskeli, keshokutwa mkokoteni. Twende kwa Evarista."

Evarista alikuwa mdogo wake Lusia, fundi cherehani wa Mlandege, Iringa mjini, na kucha zake zilikuwa nyekundu kama pilipili. Mwaka juzi Anyitike alimhubiria kuhusu kucha hizo tangu ugali ulipotengwa mpaka ukapoa, akamtaja Yezebeli mara nne. Sasa mhubiri yuleyule alisimama mlangoni kwa shemeji yake, kofia mkononi, akitafuta pa kuanzia. Mkataa pema pabaya panamwita, na pabaya penyewe palikuwa na chupa ndogo yenye brashi.

Lusia akasema kilichowaleta. Evarista aliacha kushona.

"Shemeji," alisema taratibu, akiyalamba maneno kama asali, "kwa hiyo Yezebeli ameokoka?"

"Ni kwa ajili ya mama," alisema Anyitike akiangalia cherehani.

"Niambie tu kama nipake kucha zote za kamera au moja."

Walimpa nafasi dirishani. Anyitike alilitazama Gangilonga, akazungusha skrubu hadi mawe yakawa jiwe, halafu akashika brashi kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshikishwa mkia wa panya, akaweka tone jekundu. Wakangoja likauke. Harufu ilijaa chumbani, na Evarista hakunyamaza hata dakika moja, akitaka kujua kama kamera itaruhusiwa Meza ya Bwana. Mzee wa kanisa alivumilia yote. Kusema kweli hata Lusia alimhurumia kidogo, lakini si sana.

Walirudi Kihesa kwa baiskeli ya kuazima, Lusia amekaa nyuma na kamera, na njia ile ina mawe ya kutosha kumfundisha mtu kusali. Walipofika alichungulia tena. Gangilonga lilikuwa moja. Miaka mitatu ya pua mbili na shingo zilizopotea, kumbe tiba yake ni tone lisilotosha hata kucha ya kidole gumba.

Mama yao, bibi Rozalia, alikuwa amekwishajiandaa. Alikaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, kilemba kipya kichwani, mikono magotini. Kifuani, ndani ya nguo, alikuwa na picha ya Liberatus aliyotumiwa mwaka uliopita. Kila aliyepita njiani alionyeshwa.

"Kamwene, mkwe wangu," alisema. "Leo sitatikisika."

"Kamwene, mama," alijibu Anyitike, akapiga hatua kumi nyuma, akainama kwenye kamera.

Lusia alikuwa ubavuni pake. Aliona lenzi ikizungushwa, aliona kifua cha mumewe kimeelekea kwa mama, ila kitu fulani kilimkera. Ncha ya kamera ilikuwa imeelekezwa pembeni kidogo.

"Unapima wapi, Baba Eliezeri?"

"Kwenye nguzo."

"Nguzo ipi?"

"Ile ya baraza."

"Iko hatua tatu nyuma yake."

Anyitike alinong'ona bila kuinua kichwa. "Unataka nipime wapi? Picha hupimwa kwenye jicho. Nimkodolee mama mkwe macho mimi? Kwetu mtu akimtazama mkwewe usoni hivyo analipa faini ya ng'ombe, na kwenu pia si adabu. Napima nguzo, halafu namgeuzia kamera."

Kwa hiyo hata Krismasi alipima nguzo. Lusia alisimama pale akitaka kucheka na kutaka kupiga kitu. Mumewe alikuwa ameheshimu ukwe kiasi cha kumgeuza mkwewe kuwa moshi. Kwa wengine wote ilikuwa skrubu, na kwa mama ilikuwa skrubu pamoja na adabu. Na yeye amesafiri siku nzima na nusu, ameacha watoto kwa jirani, ili nguzo ya baraza ipate picha nzuri.

"Lete," alisema, akaichukua kamera.

Alisogea hatua nne, akachungulia. Waliketi mama wawili ndani ya kidirisha, mmoja wa njano kidogo, bega kwa bega. Alitafuta jicho la kulia. Alizungusha lenzi polepole, na mama wa njano akaja, akaja, akaingia ndani ya mama mwenyewe, jicho likaingia ndani ya jicho. Yote yakawa wazi, mikunjo ya kope, nyuzi za kilemba. Na ndani ya jicho, pale panapopaswa kuwa peusi, palikuwa peupe kama uji uliogandisha ngozi.

Kidole chake kilibonyeza chenyewe. Kisha akahamia jicho la kushoto. Nalo lilikuwa vilevile.

Aliishusha kamera. Alivua viatu, akatembea kimya kando mpaka kwa mbuzi aliyefungwa mtini, akasimama huko. Mama aliendelea kutabasamu, akiangalia pale alipokuwa Lusia mwanzo.

"Mmemaliza, mwanangu?" aliuliza mahali pasipokuwa na mtu.

"Mama," alisema Lusia kutoka kwa mbuzi. Kichwa cha mama kiligeuka kwa haraka. "Tangu lini?"

Bibi Rozalia aliinamisha kilemba. Mficha maradhi kilio humuumbua, naye alikuwa ameyaficha kwa ufundi, nyumba yake akiijua kwa miguu na watu akiwajua kwa sauti. "Mavuno ya mwaka juzi," alisema. "Moja lilitangulia, la pili likaona wivu."

"Na ile picha ya Krismasi uliyosema umetoka vizuri?"

"Mkwe wangu amenitumia picha kutoka Mbeya, nimwambie nini? Ilikuwa laini mkononi."

"Na ya Liberatus? Unamwonyesha kila mtu."

Mama aliitoa kifuani. Aliipapasa pembe zake nne, akapata ile iliyokunjika, akaigeuza, akaielekeza upande wa sauti. "Kona hii ndiyo ya kichwani," alisema. "Watu husema amenenepa. Ni kweli amenenepa?"

Aliyejibu ni Anyitike. Alikuwa amekuja mpaka mbele ya kigoda, amepiga magoti kama ukwe unavyotaka, lakini kichwa alikuwa amekiinua, na kwa mara ya kwanza katika miaka sita alikuwa anamtazama mama mkwe wake usoni. Hapakuwa na faini, maana aliyetazamwa hakujua.

"Amenenepa, mama," alisema. "Amefanana na wewe."

Picha aliisafisha Mbeya, kwa mkono wake, wala hakumwambia mtu yeyote nani aliyeipiga. Usimshangae, nakala moja ameiweka dirishani pa studio mpaka leo, na jina lake chini yake. Ilitoka kali. Nguzo ya baraza ndiyo iliyotoka moshi.

Lusia aliiweka nakala nyingine kwenye bahasha ya Johanesbagi. Barua alianza mara tatu, akaikunja, akaanza tena. Mwishowe iliyokwenda ilikuwa fupi.

"Kaka, huu ndio uso wa mama, safari hii hakuna aliyetikisika. Mtazame macho. Wewe usimtumie picha tena. Njoo mwenyewe, akupapase."