Bwana Vituo

...na bado anatafuta, vidole viwili juu ya mguu wangu wa kulia, anabonyeza, anasogeza, anabonyeza tena, kama mtu aliyeangusha sindano kwenye zulia, na mimi nimelala chali kwenye kitanda chembamba kilichotandikwa karatasi, karatasi inakwaruza kila nikivuta pumzi, na nina hasira, Mungu anisamehe, nina hasira na huyu binti, maana ni binti tu, mwanangu wa kwanza anamzidi umri, na huyu ndiye bingwa wa upasuaji wa mishipa ya damu ambaye nimesubirishwa wiki tatu kumwona, nilidhani nitakuta mzee wa mvi na miwani, nimekuta mtu wa viatu vya raba anayesema, "Samahani baba, vidole vyangu ni vya baridi," baridi gani, mguu wenyewe ndio barafu, sihisi hata kama ni vidole ama kijiti, ila simwambii, na mke wangu pale kwenye kiti, mkoba magotini, anamwaga mchele kwenye kuku wengi, "Daktari, huyu hatembei hatua mia bila kusimama, halafu anajifanya anaangalia simu," nani kakuuliza wewe mama, na daktari, bila kuinua macho, "Ukisimama maumivu yanaisha, baba?" yanaisha, dakika mbili tatu, "Na ukianza kutembea?" yanarudi palepale kwenye kigimbi, "Na usiku ukilala?" nikasema, "Usiku? Usiku nalala kama gogo," na hapo ndipo alipoanza kutafuta hayo mapigo yake ya damu, na mke wangu akanitazama, sijui kwa nini kanitazama, yeye akishalala hata nyumba ikibebwa hajui...

Hatua mia, ndiyo, na mimi ni msoma mita za maji, miaka ishirini na mmoja, nyumba themanini kwa siku, unainama, unafunua kifuniko cha chuma, unafuta kioo kwa kidole gumba, unaandika tarakimu, unafunika, unamkimbia mbwa, nyumba ya pili, mguu ndio mkate wangu, halafu siku moja kwenye mteremko, mteremko jamani, si mlima, kigimbi kikakamatwa kama nguo inayokamuliwa, nikashika ukuta wa watu, ikapita, kesho yake tena, na wenzangu hawana dogo, wakanibandika jina, Bwana Vituo, "Bwana Vituo kasimama, abiria washuke!" nacheka nao, nitafanyaje, nacheka huku meno nimeyauma, na msimamizi hakucheka, msimamizi aliniandikia barua, uzembe wa makusudi, maneno hayo hayo, makusudi, mimi, na mwenye duka la dawa miaka mitatu ananiuzia mafuta ya kuchua, "Misuli hiyo, mzee wangu, chua asubuhi na jioni," nimechua mpaka shuka zinanuka karafuu, na yule wa zahanati, nyuma ya meza yake, kalamu sikioni, hakuinuka, hakunigusa, "Umri huo, mzee, umri hauna dawa," miaka mitatu, watu wazima wenye vyeti ukutani, hakuna hata mmoja aliyesema neno dogo hili, vua kiatu, hakuna! na huyu binti hata sijakaa vizuri, "Vua viatu vyote viwili baba, na soksi," akainama chini kabisa, akaangalia muundi wangu unavyong'aa, hauna unyoya hata mmoja, mimi nilidhani ni soksi zimenyonyoa, akatenganisha vidole, "Kidonda hiki cha kidole cha mwisho kina muda gani?" nikasema wiki mbili, "Miezi minne," akasema mke wangu, na daktari akaandika minne...

"Napata kitu kidogo hapa," anasema, kachukua kidude kama kalamu nene, kimeungwa waya kwenye kiredio, kapaka uteute, na kiredio kinakoroma, shhhh, shhhh, kama stesheni ya mbali, "Unasikia baba? Damu inapita, lakini kwa shida, mshipa umeziba huko juu," na mimi nataka kumwambia usinifundishe kuziba, mimi mtu wa mabomba, lakini macho yangu yako kwenye lile neno, upasuaji, limeandikwa mlangoni, na mimi watu hawa nawajua, wakata miguu, kaka yangu mkubwa, mwashi, mtu wa kupanda ngazi na ndoo ya zege begani, aliingia kwao na miguu miwili akatoka na mmoja, na yule daktari wa siku ile, mrefu, alitoka koridoni akaniuliza, "Mbona mmemleta akiwa hivi? Mbona hamkumleta mapema?" nikamtukana, nikamtukana mama yake mbele ya wauguzi, wakanitoa nje, na miaka minane nimemchukia yule mtu kuliko ninavyomchukia shetani, kila nikimwona kaka kakaa mlangoni na suruali imekunjwa kwa pini namchukia upya, mapema, mapema, angejuaje mtu, nani angejua, nani... mimi nilijua. Nilijua. Tulikuwa tumeegemea ukuta aliokuwa anaujenga, kanipa sigara, kasema, "Mdogo wangu, usiku mguu huu unawaka moto, mpaka niuning'inize nje ya kitanda ndipo napata nafuu, ila usimwambie shemeji yako, atanikokota hospitali bure," na mimi nikasema, "Haya kaka," nikavuta sigara yake, nikakaa na siri hiyo miezi sita, nikaiita uanaume, mpaka vidole vikawa vyeusi, na yule mrefu hakunitukana, aliniuliza swali tu, swali la haki, ndiyo maana liliniuma... na sasa ni mimi ninayetoka kitandani kwa kunyata nikakae kwenye kiti cha jikoni, mguu chini sakafuni, mke wangu akiamka anadhani nimefuata sigara, na sigara navuta kweli, mimi ndiye msimamizi, mimi ndiye wa zahanati, nimeuona mguu huu kila siku nikakataa kuuona...

"Subiri baba, usitikisike, nisikilize kidogo," anasema, kichwa kainamisha kwenye kiredio, na mimi nasema, "Hapana mwanangu, nisikilize mimi kwanza," sauti inatoka kali, haijui kutoka vingine leo, "Nimekudanganya. Usiku silali. Miezi miwili nakaa kwenye kiti, mguu nimeushusha, ndipo unapoa. Kaka yangu alianza hivi hivi, akaniambia, nikanyamaza." Mkoba wa mke wangu umeanguka sakafuni, hakuna anayeuokota, na daktari hakuinua macho, hakusema mbona hukusema, vidole vyake bado viko pale pale juu ya mguu wangu, vinabonyeza, vinasogea, vinatafuta.