Skafu ya Mama Mkubwa

Foleni nyuma yao ilianza kunung'unika, na Qiuyun alikuwa ameshapiga picha mpaka kidole kikachoka. Mama yake alisimama mbele ya msonobari maarufu wa Mlima Huangshan, akipeperusha skafu nyekundu kila upepo ulipovuma.

“Mama, inatosha! Watu wanangoja.”

“Waache wangoje. Skafu hii ni ya mama yako mkubwa. Miguu imemgomea, lakini kasema yenyewe lazima ifike huku juu.”

Qiuyun akapiga moja kwa makini, akamtumia mama mkubwa. Sauti yake ikajibu papo hapo kwenye simu: “Nyie mna akili kweli? Skafu naijua, ni yangu! Mti wenyewe uko wapi?”

Qiuyun akashusha pumzi. “Haya, Mama. Sogea kushoto.”