Hesabu ya Aliyemwaga Mbegu

Asubuhi ya siku ya kumi na moja baada ya kupanda, Émérance alipiga magoti kwenye mteremko mmoja wa milima ya Masereka, ule ambao viazi vilikuwa vimeuchosha, akaanza kuita miche. Mume wake, Valentin, anafuga nyuki. Mwaka huu alimwaga pale mbegu za maua ya porini alizozitoa mjini Beni, anakokwenda kuuza asali. Miche ikiwa na majani mawili tu, hakuna jicho linaloweza kutofautisha ua na gugu. Kwa hiyo huitwa kwa majina. Ua likisikia jina lake hujibu "présent", yaani nipo, kwa sauti nyembamba ya mwanafunzi wa darasa la kwanza. Gugu hunyamaza, nalo hung'olewa.

Aina sita zilijibu kabla umande haujakauka. Ya saba, yenye shina jekundu, ilinyamaza kwa kila jina alilolijua. Mche wa namna hiyo huazimwa jina linalofuata katika nyumba, mpaka utoe ua. Nyumba hii ina wavulana wawili: Mumbere, kama aitwavyo kila mvulana wa kwanza huku, na Kambale, jina la wa pili. Mtoto mwingine alikuwa tumboni.

"Kasereka," Émérance aliita, maana hilo ndilo jina la wa tatu.

Kimya. Aliita tena, mdomo karibu na udongo. Akashika shina ili aling'oe.

"Ita Kakule," alisema Jokébed, mama mkwe wake, aliyekuwa akipalilia hatua tatu mbele. Hakuinua hata kichwa.

Kakule ni jina la mvulana wa nne, la nyumba ambayo wa tatu amekwisha kuzaliwa.

"Kakule."

"Présent," ulijibu mteremko mzima.

Émérance alikaa chini. Miche haijui kusema uongo, na hakuwa na ugomvi nayo. Kilichomkata maini ni huyu mama aliyekula naye sahani moja miaka tisa.

"Mama, ulijua?"

"Mbegu, ni Valentin aliimwanga. Donc hesabu ni yake." Jokébed aling'oa gugu, akalitupa. "Ule Kasereka, miye ndiye nilimubeba siku ya batisimu. Ni mutoto muzuri."

Saa saba Valentin alikuja kula.

"Papa Mumbere, Kasereka iko wapi?"

Aliosha mikono kwanza. "Beni, mu commune Ruwenzori. Iko na myaka mbili."

"Mama yake iko na batoto ngapi?"

"Ule moya tu."

Hilo lilimuumiza kuliko yote. Kila mama huhesabu kwa tumbo lake, na mvulana wa kwanza wa mwanamke yeyote hawezi kuitwa Kasereka. Valentin alikuwa amechukua nafasi ya tatu ndani ya nyumba yake yeye Émérance, akaipeleka Beni.

"Ulikamata jina ya mutoto wangu."

"Hapana kukasirika, Mama Mumbere. Mais nilipashwa kuhesabia muzuri. Sikupenda kuvuruga mustari."

Alisema hivyo kwa fahari kidogo. Ni mtu wa utaratibu, Valentin. Hata mizinga yake ameipaka namba.

Shina jekundu lilitoa maua ya zambarau, na nyuki waliyapenda. Mtoto alizaliwa, mvulana. Siku tatu Émérance alimwita Kasereka sikioni, na siku tatu mtoto alikataa ziwa. Siku ya nne alimwita Kakule, huku akilia, na mtoto akanyonya.

Walikwenda kumwandikisha. Karani, Laurent, alitumwa huku kutoka Kasai, na hesabu ya majina ameijua haraka kuliko njia za milimani.

"Mama, unaruka moya. Kasereka alikufa?"

"Hapana. Iko Beni. Anaendelea muzuri."

Laurent aliandika Kakule, akageuza daftari. Valentin alitia sahihi, akashusha pumzi. Walipotoka nje alimtazama mkewe kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Unaona? Sasa kila mutu iko mu fasi yake."

Émérance alimfunga mtoto mgongoni. Alimchukia Valentin kwa moyo wake wote, na nyumbani kulikuwa bado kilomita tano, kwa njia moja na yeye.