Agneta Wawili, Barua Moja

Kosa lilianzia ulimini mwa karani wa chifu. Kwao Bungoma l na r ni ndugu wanaoazimana nguo, na karani yule, Mungu amsamehe, huandika anavyosema. Basi Agneta Nelima, mfanyakazi wa hoteli ndogo mtaani Tuwan, Kitale, akaandikwa Agneta Nerima. Barua ya serikali ya kumtunuku nishani ya juu kabisa ya ushujaa ikafika kijijini kwao, ikatangazwa kanisani, ikakabidhiwa Agneta Nerima halisi, bibi wa miaka sabini na tisa.

Nelima alipigiwa simu siku nne baadaye. Kwanza alicheka. Kisha mtu wa ofisini akamwambia kwamba jina litarekebishwa, ila bila barua yenyewe mkononi hapiti getini penye sherehe ya nishani Nairobi siku ya Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Kicheko kikamwisha.

Na asidanganye mtu kwamba hakuitaka nishani. Aliitaka sana. Ghala la magodoro la mfanyabiashara Hitesh liliposhika moto, watu walijaa barabarani wakipiga picha. Yeye alijifunika gunia lililoloa maji, akaingia mara tatu, akatoka na watu watatu. Mkono wake wa kushoto haukunjiki vizuri mpaka leo. Kusukuma chapati hawezi tena, na mwenye hoteli alimtoa jikoni akamweka kwenye karai la vyombo. Tangu hapo jina lake likawa Mama Vyombo. Alitaka siku moja tu aitwe kitu kingine.

Siku hiyohiyo alipanda gari hadi kijijini, akamkuta bibi uani akipura maharagwe. Gauni jipya la kitenge lilikuwa limeanikwa kambani, bila shaka la kwenda nalo Nairobi.

"Kalibu, mwanangu. Umekuja kuona balua?"

"Nimekuja, kukhu." Kukhu, yaani bibi, ndivyo wazee wa kike huitwa kwao.

Bibi alisimulia bila kuulizwa. Mwaka wa vita vya mashamba alimficha jirani yake Waruguru na watu wake ghalani mwa mahindi, watu kumi na mmoja, siku nne. Vijana wenye mapanga walikuja mara mbili. Yeye aliketi mlangoni pa ghala akipepeta wimbi, akawauliza kama wameshakula.

"Sasa balua ikikuja, nikasema ati hatimaye wamenikumbuka."

"Kukhu," Nelima alisema, "hiyo barua ni..."

"Ni yako. Si nilijua." Bibi aliendelea kupura. "Siku ya kwanza tu niliona hapo chini wameandika moto. Mimi sijaona moto. Lakini hapo juu si ni jina langu? Kila jioni naisoma mpaka hapo kwa jina, harafu naikunja."

Akaingia ndani, akarudi na barua imefungwa ndani ya leso safi.

"Chukua, usikose gari. Lakini nisomee kwanza. Yote. Sijawahi kusikia yote."

Nelima akaikunjua. Alisikia aibu, maana njia nzima kutoka Kitale alikuwa akimtukana bibi huyu kimoyomoyo, akimwita mwizi. Akasoma salamu. Akasoma jina kama lilivyoandikwa, Agneta Nerima, kwa r yake. Jicho likafika penye neno moto, ulimi ukakataa.

"Kwa kuwaficha ghalani majirani kumi na mmoja," akasoma taratibu, "siku nne, mbele ya mapanga, bila kumpoteza hata mmoja, taifa linakushukuru."

Bibi, ambaye anajua kusoma vizuri sana, alikuwa amesimama begani pake, macho yakifuata mistari ya barua. Hakumsahihisha hata neno moja.

"Ludia," alisema. "Ludia hapo kwa kumi na mmoja."