Noti za Mtakatifu Roki

Jumapili ile Ninfa Scaturro alifika sinema mapema kuliko siku zote, kwa kuwa Don Ercole alimtumia ujumbe aje peke yake kabla mlango haujafunguliwa. Don Ercole ndiye mwenye sinema ile ya Mtaa wa Elizabeth, New York. Chumba chenyewe kilikuwa kirefu na chembamba, zamani zizi la farasi, na siku za joto harufu ya farasi ilikuwa bado haijakubali kuhama.

Picha za siku hizo hazikuwa na sauti. Watu walifungua na kufumba midomo kwenye kitambaa cheupe cha ukutani, kisha maneno yakapita yameandikwa kwa Kiingereza. Wanawake wa mtaa ule walitoka Sisili wakiwa watu wazima tayari, na wengi hawakujua kusoma lugha yoyote. Ninfa alikuwa amesoma miaka mitatu kwa masista huko kwao, na Kiingereza alikiokota kidogo kidogo kwenye vitabu vya shule vya bintiye. Basi kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kiti kirefu kando ya kitambaa, na kila maneno yalipopita, kuyasoma kwa sauti kwa lugha ya nyumbani. Walimwamini kuliko walivyomwamini padri, maana padri alikuwa mtu wa kaskazini mwa Italia.

Na mwaka mzima alikuwa akiwadanganya.

Mwaka ule jiji zima la New York lilikuwa na kichaa cha picha za majambazi. Zamani jambazi wa picha alikuwa Mwairishi mlevi, baadaye Mchina mwenye kisu ndani ya mkono wa kanzu. Sasa zamu ilikuwa imewafikia wao. Kila wiki Msisili mpya, yaani Mmarekani aliyebandikwa sharubu na kupakwa rangi ya kahawia usoni, aliiba mtoto wa tajiri au kutuma barua ya vitisho. Maneno yakisema "mijibwa hii ya Sisili", Don Ercole alimwagiza Ninfa asome "watu hawa wabaya", kwani hakuna mtu anayekata tiketi ili atukanwe. Ninfa akakubali. Alijiambia anawaepusha na uchungu, ingawa uchungu uliwafuata kwa mlango mwingine. Picha moja ilipotoka, msimamizi wa kiwanda cha mashati alianza kuwapekua wasichana wa Kitaliano peke yao wakati wa kutoka kazini. Rosalia, binti ya Ninfa, alikuwa mmoja wao.

Picha ya Jumapili ile ilikuwa ikingojewa kuliko zote. Agosti iliyopita, siku ya Mtakatifu Roki, walikuja wanaume na kamera yao ya miguu mitatu wakasema wanatengeneza picha nzuri juu ya mtaa. Watu wakanawa nyuso mara mbili. Mwaka ule heshima ya kutangulia mbele ya sanamu ilimwangukia Liborio Cangialosi, fundi wa kuchonga mawe. Yeye ndiye aliyepokea noti kwa watu na kuzibandika kwa pini kwenye utepe wa mtakatifu, kama inavyofanywa kila mwaka, ili zitumike kuzika maskini na kununua maziwa ya yatima. Januari Liborio akateleza kwenye jukwaa la ujenzi akaanguka ghorofa sita. Hakuwa amewahi kupigwa picha maishani mwake, hata ya harusi.

Don Ercole alimwonyesha Ninfa kipande kile peke yake. Liborio alitokea kitambaani anacheka, pini zimebanwa midomoni. Mwanamke mmoja, ameipa kamera mgongo, akampa noti, naye akaibandika. Kisha yakapita maneno, na Ninfa akayasoma kimoyomoyo mara mbili. Yalisema: *Hapa wauaji hukusanya kodi yao ya damu. Asiyetoa hufa.*

"Utasoma hivi," Don Ercole akamwambia. "Watu wa mtaa wanamshukuru mtakatifu wao."

"Na haya yaliyoandikwa?"

"Nani atayajua, Donna Ninfa, zaidi ya wewe na mimi? Mjane wake anakuja leo. Unataka umuue yule mtu mara ya pili?"

Ninfa akapanda kitini.

Watu walijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Benedetta, mjane wa Liborio, alikaa safu ya mbele na dada zake wawili, amevaa nguo nyeusi iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Liborio alipotokea, chumba kizima kilishusha pumzi. Maneno yakapita, na Ninfa akasoma alivyoambiwa. Benedetta hakulia kwa sauti. Alinyoosha mkono mbele kama mtu anayetaka kumtoa mwenzake vumbi begani.

Mashine ilipokuwa ikifungwa picha upya kwa awamu ya pili, maana hakuna aliyetaka kuondoka, Benedetta alikuja kwenye kiti kirefu akaubusu mkono wa Ninfa. Akauliza kama Wamarekani nao, kule kwenye sinema za barabara kubwa, wanamwona Liborio hivi hivi. Ninfa akasema ndiyo, wanamwona.

"Na wameandikiwa maneno hayo hayo?"

Ninfa alijifanya anapangusa kiti. Akasema ndiyo.

"Basi heri, dada. Kule kazini walimwita mwizi mpaka siku aliyokufa. Sasa wamejua alikuwa mtu wa namna gani."

Akarudi kuketi, uso unang'aa. Ninfa alibaki ameshika ukingo wa kiti. Alimwona Benedetta kesho anapita barabara kubwa kichwa juu, akiwasalimu watu waliotoka kumtazama mumewe akikusanya kodi ya damu, akiwatabasamia, nao wakimkwepa na kushika mikoba yao. Yeye Ninfa ndiye atakuwa amempeleka kule, amempamba kabisa.

Taa ikazimwa. Maandamano yakaja tena, bendera, sanamu ya mtakatifu na mbwa wake wa kuchongwa, Liborio na pini zake. Maneno yakapita.

"Donna Benedetta," Ninfa akasema, "awamu ya kwanza nilisema uongo. Si leo tu, ni mwaka mzima. Hapa pameandikwa: wauaji hukusanya kodi yao ya damu, asiyetoa hufa."

Don Ercole alipiga kelele kutoka nyuma kwamba bibi amechoka, macho yake hayaoni vizuri. Mwanamume mmoja akamwambia akae kimya. Taa ya mashine ilikuwa bado inawaka, lakini mzungusha mashine, kijana wa Palermo, alikuwa ameacha kuzungusha, kwa hiyo Liborio alisimama pale pale na noti mkononi mpaka joto la taa likaanza kumtoboa kifuani. Mzungusha mashine akaiziba taa haraka.

"Irudishe," Benedetta akasema gizani. "Nami nisikie tena."

Ikarudishwa. Ninfa akasoma tena, neno kwa neno. Safari hii Benedetta aliinuka, akaenda kusimama mbele ya kitambaa, mwanga na sharubu za mumewe vikimpita usoni. "Huyu ni Liborio Cangialosi," akasema. "Fundi mawe. Ngazi za benki yao ya Barabara ya Nne kazichonga yeye. Anayempa noti ni mimi."

Mzee mmoja akasema aliyebeba bendera ni Calogero, kinyozi. Sauti nyingine ikasema yule wa nyuma ni Vita, mkunga, aliyezalisha nusu ya chumba hiki. Picha ilipita na majina yakawa yanapita nayo, watu wakigombana nani ni nani, wakimtaka kijana wa Palermo airudishe nyuma, apunguze kasi.

Don Ercole alimngoja Ninfa mlangoni. Alimwambia kazi imekwisha, na kwamba ameua biashara ya mtu mwenye watoto watano.

"Basi panda wewe kile kiti," Ninfa akamjibu. "Mimi nitakata tiketi yangu nikae mbele, nisikie kama unasoma sawa."

Jumanne wanawake kumi na tisa, na Ninfa wa ishirini, walipanda kwenda sinema ya barabara kubwa, ile yenye viti vya mahameli. Walikata tiketi kama watu wote. Waliotangulia kuketi waliinuka wakahamia safu nyingine, nao wakapata nafasi ya kutosha. Ninfa hakuwa amewahi kusema Kiingereza mbele ya watu zaidi ya wawili.

Liborio akatokea, mkubwa kuliko kule mtaani. Kodi ya damu ikapita, na mtu mmoja akazomea. Benedetta akasimama akasema kwa lugha ya nyumbani, na Ninfa, amesimama kando yake, akawasomea Wamarekani kwa Kiingereza chake cha vitabu vya shule: huyu ni Liborio Cangialosi, fundi mawe, amekufa Januari akiwajengea ninyi. Hizi ni pesa za maziwa. Watazamaji wakawapigia kelele waketi. Akasimama wa pili, dada wa kinyozi, naye Ninfa akamsomea. Wa tatu. Wa nne.

Mlinzi mwenye vifungo vya shaba akaja akamshika Ninfa mkono. Hakuwa mkali, alikuwa kijana mwenye haya. Akamwambia, basi mama, umeshasema, wamekusikia.

"Bado," Ninfa akasema, na kwa mkono wa pili akaushika mgongo wa kiti cha mbele. "Wamebaki kumi na watano."

Akamgeukia wa tano, akamwambia aseme.