Zaburi ya Kungojea Unga Uumuke

Kila alfajiri, unga uliokandwa ukingojea kuumuka, mama mkwe alikaa kwenye kigoda kando ya tanuri, akasoma zaburi ile ya mtu anayemlilia Mungu amwokoe na adui zake. Alisoma mstari mmoja, akafumba macho, akaukalia kama kuku anavyokalia mayai. Mkaza mwana wake, huku akipaka trei mafuta, aliona midomo tu ikicheza.

Adui alijulikana. Bi Makeke, mwokaji wa nyumba ya pili, alikuwa ametangaza mtaa mzima kwamba mikate ya mama mkwe ina wadudu. Uongo mtupu, lakini shule ilihamishia oda yake kwa Bi Makeke, na bila oda ile tanuri la mama mkwe lilikuwa linaelekea kufungwa.

Asubuhi hiyo ukasikika mshindo, kisha kelele. Tanuri la Bi Makeke limebomoka, na unga wake umeshaumuka.

"Mama, umejibiwa!" mkaza mwana akarukaruka. "Sasa hivi unga wake unachacha. Gari la shule likija litapakia mikate yetu!"

Mama mkwe akafumbua macho. "Niliomba niokolewe, mwanangu. Namna ya kuokolewa sikumpangia Mungu." Akaanza kuziweka kando trei zake zilizokuwa tayari kuingia motoni. "Kamwite. Unga hauna ugomvi na mtu."

"Na oda je, Mama?"

"Naijua. Nenda."

Bi Makeke akaja na trei kichwani, bila samahani wala asante. "Moto gani huu? Mtaniunguzia!"

"Sogeza huku mbele kidogo, dada," mama mkwe akamwambia, akimshikia mlango wa tanuri kwa kitambaa, trei baada ya trei. Mkaza mwana akamtazama, hasira zote zikamwisha.

Gari la shule likafika. Dereva akakunja pua, akamgeukia Bi Makeke. "Umeoka humu? Si ulisema kuna wadudu?"

Bi Makeke akafuta mikono kwenye aproni, polepole.

"Nilisema," akajibu. "Nilisema uongo. Kesho uchukue kwa huyu dada, mimi tanuri langu limelala. Haya, pakia, mikate inapoa!"

Mama mkwe alikuwa ameshawageuzia mgongo, akijifanya anapanga trei zake, ili mwenzake asipate haya ya kutazamwa.